Je, aliyeokoka anaweza kutenda dhambi tena?

Swali hili linasumbua watu wengi, na mara nyingi linaulizwa kwa sauti ya chini. Mtu aliokoka, akashuhudia mbele ya kanisa, akaacha pombe au wizi au hirizi. Miezi inapita, kisha siku moja anadanganya, anamtukana mkewe, au anachukua fedha isiyo yake. Usiku anajiuliza: je, niliokoka kweli? Na jirani yake anasema: ona, hawa walokole ni wanafiki tu.

Katika makala hii tunaeleza Biblia inasema nini juu ya jambo hili, makanisa mbalimbali yamelifundishaje, na uamsho wa hapa kwetu Afrika Mashariki ulilishughulikiaje. Mwisho tunaeleza mambo ambayo aliyeanguka anaweza kufanya, na ambayo kanisa lake linapaswa kufanya. Ukiwa na Biblia karibu, fungua usome mistari tunayoitaja, kwa kuwa hapa tunaieleza kwa maneno yetu wenyewe.

Kuzaliwa mara ya pili ni nini?

Maneno haya yanatoka katika Injili ya Yohana sura ya 3. Nikodemo, mzee wa Kiyahudi na mwalimu wa dini, alimjia Yesu usiku. Yesu akamwambia kwamba mtu asipozaliwa upya hawezi kuuona ufalme wa Mungu. Nikodemo akashangaa: mtu mzima atarudije tumboni mwa mama yake? Yesu akamjibu kwamba anazungumzia kuzaliwa kwa maji na kwa Roho.

Wakristo wote wanakubali kwamba kuzaliwa huku ni kazi ya Mungu. Wanatofautiana juu ya wakati kunapotokea. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana wengi wanakuunganisha na ubatizo. Wapentekoste na Wabaptisti wanasisitiza siku mtu anapomwamini Yesu kwa moyo wake mwenyewe, na ubatizo unafuata baadaye. Lakini wote wanafundisha kwamba kuna mambo yanayobadilika: mtu anasamehewa, anafanywa mtoto wa Mungu, na anapewa moyo unaotaka kumpendeza Mungu.

Swali letu linaanzia hapo. Ikiwa moyo ni mpya, dhambi inatoka wapi tena?

Mtume aliyekemewa hadharani

Tuanze na mtu anayejulikana. Petro alimkana Yesu mara tatu, lakini wengine watasema hiyo ilikuwa kabla ya Pentekoste, kabla hajajazwa Roho Mtakatifu. Basi tusome Wagalatia 2:11-14. Hapo ni miaka mingi baada ya Pentekoste. Petro ameshahubiri, wagonjwa wameponywa, naye ni nguzo ya kanisa.

Akiwa Antiokia, Petro alikuwa akila pamoja na waumini wasio Wayahudi. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akaogopa watasema nini, akajitenga na meza ile. Waumini wengine wa Kiyahudi wakamfuata, hata Barnaba. Paulo akamkemea mbele ya watu wote, akauita mwenendo ule unafiki.

Tuangalie mambo mawili hapa. La kwanza, mtume aliyejazwa Roho alikosea, na kosa lake liliumiza wengine. Wale waliobaki peke yao mezani walionekana kama waumini wa daraja la pili. La pili, Paulo hakusema kwamba Petro hajawahi kuokoka. Alimwambia kwamba mwenendo wake hauendi sawa na Injili anayoiamini.

Kanisa la Korintho ni mfano mwingine. Paulo anawaita watakatifu mwanzoni mwa waraka wake wa kwanza, kisha sura baada ya sura anawakemea kwa makundi, kesi za ndugu kwa ndugu mahakamani, uzinzi, na ulevi kwenye Meza ya Bwana. Kama aliyeokoka hawezi kutenda dhambi, nyaraka nyingi za Agano Jipya zisingekuwa na sababu ya kuandikwa.

Mbona Yohana anasema hatendi dhambi?

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Katika 1 Yohana 3:9 tunasoma kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi, wala hawezi. Lakini katika waraka huohuo, 1:8-10, Yohana anasema tukidai hatuna dhambi tunajidanganya, na tukidai hatujatenda dhambi tunamfanya Mungu kuwa mwongo. Kisha 2:1 anasema anaandika ili wasitende dhambi, lakini mtu akitenda, yuko mtetezi kwa Baba, yaani Yesu Kristo.

Je, Yohana anajipinga? Maelezo yanayotolewa mara nyingi yanahusu lugha. Yohana aliandika Kigiriki. Katika 2:1 alitumia namna ya kitenzi inayoonyesha tendo likitazamwa kama jambo moja. Katika 3:9 alitumia namna inayoweza kuonyesha jambo linaloendelea. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaelewa tofauti ya namna hiyo kwa urahisi. Mtu anayesema "Juma akilewa atatubu" hasemi sawa na anayesema "Juma hulewa". Wa kwanza anazungumzia kuanguka, wa pili anazungumzia desturi.

Hata hivyo, tusiuegemeze uzito wote kwenye sarufi, maana katika 5:16 Yohana anatumia namna hiyohiyo ya kuendelea anapotaja ndugu anayeonekana akitenda dhambi. Jambo linalosaidia zaidi ni kuangalia alikuwa akijibu nini. Waraka unaonyesha kwamba kulikuwa na watu waliotoka katika kanisa lile, na kwamba kulikuwa na madai ya kumjua Mungu bila kujali namna mtu anavyoishi wala kumpenda ndugu yake. Yohana anafunga milango miwili. Anayesema "mimi sina dhambi" anajidanganya. Anayesema "nimeokoka, kwa hiyo dhambi si kitu" naye anajidanganya.

Mkulima ataelewa. Shamba lililolimwa na kupandwa mahindi bado huota magugu. Magugu yakionekana, hatusemi shamba hili halikupandwa. Lakini mwenye shamba akiyaona akayaacha, asipalilie msimu wa kwanza wala wa pili, akasema "mahindi si yapo?", baadaye hatutaona tofauti kati ya shamba lake na pori. Jembe mkononi ndilo linaloonyesha kwamba shamba lina mwenyewe.

Kujaribiwa si dhambi

Kuna waumini wanaoteseka bure kwa sababu hawatofautishi majaribu na dhambi. Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa kama sisi katika mambo yote, bila kutenda dhambi. Kwa hiyo wazo baya kupita kichwani, hasira kupanda ghafla, au hamu ya pombe kumrudia mtu aliyeiacha jana, si ushahidi kwamba wokovu wake ni wa uongo. Dhambi huanza pale mtu anapolikaribisha lile wazo, akalipa kiti na chakula.

Paulo anaeleza katika Wagalatia 5:17 kwamba mwili na Roho vinapingana ndani ya mwamini. Kwa "mwili" hamaanishi nyama na mifupa, bali ule mwelekeo wa zamani wa kujipendeza. Vita hivyo ni dalili kwamba kuna mawili yanayoshindana. Maiti hapigani vita.

Jinsi kanisa lilivyobishana

Swali hili si jipya, na Afrika imeshiriki kulijibu tangu zamani. Mwaka 250 Kaisari Decius wa Roma aliagiza watu watoe sadaka kwa miungu ya dola na kupewa hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi waliogopa. Wengine walitoa sadaka, wengine walinunua hati tu. Mateso yalipopungua, wakataka kurudi kanisani.

Ubishi ukawa mkubwa. Huko Roma padri Novatian akasema kanisa halina ruhusa ya kuwarudisha, na mwaka 251 akajitenga na wafuasi wake. Sipriani, askofu wa Karthago katika nchi inayoitwa leo Tunisia, alifuata njia nyingine: warudi, lakini si kirahisi, wapitie toba ya kweli iliyopimwa kwa muda. Sipriani mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Makanisa mengi yalifuata njia hiyo ya toba na kurudishwa.

Katika karne iliyofuata, baadhi ya watu waliogopa sana dhambi ya baada ya ubatizo hata wakaahirisha kubatizwa. Kaisari Konstantino alibatizwa mwaka 337, akiwa karibu kufa.

Baadaye Pelagio alifundisha kwamba mtu akiamua kweli anaweza kuishi bila dhambi. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ya Algeria ya leo, akampinga kwa nguvu. Alisema hata aliyebatizwa anahitaji neema kila siku, na ndiyo maana Yesu aliwafundisha wanafunzi wake kuomba msamaha katika sala ya Baba Yetu.

Mwaka 1517 Martin Luther alianza hoja zake 95 kwa kusema kwamba maisha yote ya mwamini ni ya toba. Alifundisha kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja: mwenye haki kwa sababu ya Kristo, mwenye dhambi akijitazama mwenyewe. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alisisitiza upande mwingine. Alisema Mungu anaweza kumjaza mwamini upendo kiasi kwamba asitende dhambi kwa makusudi. Lakini aliita dhambi, kwa maana kamili, kuvunja kwa hiari sheria ya Mungu anayoijua mtu. Makosa ya kutojua na udhaifu wa kibinadamu aliyaweka pembeni, ingawa alisema nayo yanahitaji damu ya Yesu.

Walokole na "kutembea nuruni"

Neno "mlokole" tulilipata kutoka Kiganda, maana yake ni aliyeokoka. Lilienea pamoja na Uamsho wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1930. Mwaka 1929, mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari, na wote walihisi wamekauka. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka Gahini moto ule ulienea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya.

Tunapaswa kukumbuka kwamba uamsho ule ulianza ndani ya kanisa, kwa watu waliobatizwa. Ujumbe wake kwa waumini ulikuwa kwamba dhambi zao bado zipo na zinafichwa. Wakatumia maneno ya 1 Yohana 1:7 kuhusu kutembea nuruni. Walikutana kila wiki katika ushirika, wakasoma Neno, na mtu alieleza hadharani alipoanguka, kisha wenzake wakaimba wimbo wa Tukutendereza. Waafrika na Wazungu waliombana msamaha kwa dharau na chuki, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati wa ukoloni. Watu walirudisha vitu walivyoiba.

Njia hiyo ilileta msuguano pia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda, wakiwa pamoja na William Nagenda, walifukuzwa baada ya kugongana na uongozi. Walikuwa wakikemea waziwazi dhambi walizoziona ndani ya chuo cha kanisa.

Mmoja wa viongozi wa uamsho huo alikuwa Askofu Festo Kivengere. Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, naye Kivengere akakimbia Uganda na familia yake. Alikuwa ameokoka kwa zaidi ya miaka 30. Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka huo alieleza kwamba chuki kwa Amin ilikuwa ikimkomaza moyo, mpaka akiwa London katika ibada ya Ijumaa Kuu aliona lazima aungame na kumsamehe. Hakusema kwamba kwa kuwa ana haki ya kukasirika basi chuki ile si dhambi. Wala hakusema kwamba kwa kuwa ana chuki basi hakuwahi kuokoka. Aliileta nuruni.

Je, anaupoteza wokovu?

Hapa makanisa hayakubaliani, na ni vizuri msikilizaji ajue hivyo kabla ya kugombana na jirani.

Wapresbiteri na Wabaptisti wengi hufundisha kwamba aliyezaliwa kweli na Mungu hataachwa apotee. Wanataja Yohana 10:28. Akianguka atarudi, na akiacha imani moja kwa moja, basi hakuwa amezaliwa upya kweli. Wamethodisti na Wapentekoste wengi hufundisha kwamba mtu anaweza kurudi nyuma hadi kuuacha wokovu, wakitaja Waebrania 6:4-6. Walutheri nao hukubali kwamba imani inaweza kupotea, lakini inaweza kurudishwa kwa toba.

Kanisa Katoliki hutofautisha dhambi ya mauti na dhambi ndogo. Dhambi ni ya mauti pale jambo linapokuwa zito, mtu akiwa analijua vizuri, na akalitenda kwa ridhaa kamili. Hiyo humtenga mtu na neema mpaka atubu, na njia ya kawaida ya kurudi ni sakramenti ya Kitubio.

Pamoja na tofauti hizo, wote wanamwambia aliyeanguka neno moja: usikae huko, rudi. Na wote wanamwonya anayecheza na dhambi akidhani msamaha ni deni la Mungu kwake. Paulo alilijibu hilo katika Warumi 6: hatuwezi kuendelea katika dhambi ili neema iongezeke.

Ukianguka, ufanye nini?

Kwanza, itaje dhambi kwa jina lake. "Nilipitiwa" si ungamo. "Nilichukua shilingi elfu hamsini za kikoba" ni ungamo.

Pili, rudisha ulichoharibu. Katika Luka 19:8 Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Ukimwomba Mungu msamaha kwa fedha ya watu, na fedha bado iko mfukoni mwako, wenye fedha bado wana njaa. Kama huwezi kulipa zote kwa mara moja, nenda kwao, kubali deni, panga malipo.

Tatu, mwambie mtu mmoja anayeaminika: mchungaji, padri, mzee wa kanisa, au ndugu asiyesengenya. Si kila dhambi inafaa kusemwa mbele ya mkutano. Ungamo la hadharani likitaja siri za mtu mwingine linaweza kuvunja ndoa na kuumiza wasio na hatia. Kanuni nzuri ni hii: ungama kwa upana uleule uliokosea.

Nne, kata njia iliyokuangusha. Kama ni kilabu cha pombe, badilisha njia ya kurudi nyumbani. Kama ni namba ya simu, ifute.

Na kanisa lifanye nini?

Wagalatia 6:1 inawaagiza walio wa rohoni wamrudishe aliyeanguka kwa upole, huku wakijiangalia wenyewe. Mathayo 18:15-17 inaweka utaratibu: kwanza wawili peke yenu, kisha mashahidi, kisha kanisa. Utaratibu huo hauruhusu kuanza na mikrofoni, wala kundi la WhatsApp la kwaya.

Lakini upole si kuficha uovu. Mtu akimpiga mke au mume, akimdhulumu mtoto, akibaka, au akiiba mali ya umma, toba yake kanisani haifuti kesi. Aliyeumizwa anahitaji kulindwa kwanza, kupelekwa hospitali na kupewa nafasi ya kwenda polisi au ustawi wa jamii. Kumwambia mtoto au mwanamke anyamaze kwa sababu mkosaji "ameshatubu" ni kumkosea mara ya pili. Warumi 13 inasema mamlaka ya nchi ina kazi yake ya kuadhibu uovu. Aliyetubu kweli hataikimbia.

Vilevile msamaha hauna maana ya kurudishiwa cheo siku ileile. Mhasibu aliyekula sadaka anaweza kusamehewa leo, akaketi na wenzake Jumapili, na funguo za sanduku zikabaki kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo, je, aliyeokoka anaweza kutenda dhambi? Ndiyo, anaweza, na Petro ni shahidi. Je, anaweza kuifanya dhambi kuwa makao yake, akatulia humo? Yohana anasema hapana, na anayeona ametulia humo ana sababu ya kujichunguza upya. Usiku ule unapojiuliza kama uliokoka kweli, huhitaji kumaliza ubishi wa karne nyingi kabla hujalala. Unaweza kutubu sasa hivi, na kesho asubuhi uende kwa yule uliyemkosea.